Kati ya Mboga na Nyama: Historia ya Swali la Mlo Bora Afrika Mashariki, 1925–1975

IKISIRI

Mjadala kuhusu mlo unaofaa zaidi kwa afya ya mtu, wa mimea au wa nyama, huchukuliwa kuwa mjadala wa siku hizi uliotoka nje ya Afrika. Makala haya yanaonesha kwamba Afrika Mashariki imekwishaitwa mara mbili kutoa ushahidi katika shauri hilo. Mara ya kwanza ilikuwa Kenya katika miaka ya 1920, ushahidi ulipofasiriwa kuwa unaunga mkono maziwa na nyama. Mara ya pili ilikuwa Uganda, hadi miaka ya 1970, ushahidi ulipofasiriwa kuwa unaunga mkono vyakula vya mimea. Kwa kutumia taarifa za kitabibu zilizochapishwa, tahakiki za wanahistoria na msamiati wa Kiswahili na lugha jirani, makala yanajenga hoja kwamba mara zote mbili ushahidi ulibanwa katika swali la pande mbili ambalo lugha za walaji wenyewe hazikuwa nalo. Lugha hizo hazikutenga mboga na nyama. Zilitenga chakula kikuu na kitoweo. Makala yanahitimisha kwamba ushauri wa lishe unaotolewa kwa Kiswahili hauna budi kuanzia kwenye mgawanyo huo.

Maneno makuu: lishe, mboga, kitoweo, posho, historia ya tiba, sera ya chakula

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa shinikizo la damu anayetoka kliniki Mwanza, Bujumbura au Kampala aghalabu hutoka na ushauri mfupi: apunguze nyama, aongeze mboga. Mama aliyempeleka mtoto aliyedumaa kwenye kliniki hiyohiyo hutoka na ushauri unaoelekea upande mwingine: ampe mtoto maziwa, mayai, dagaa au nyama. Huenda watu hawa wawili ni bibi na mjukuu wa nyumba moja, wanaopakuliwa kutoka chungu kimoja. Wataalamu hawaoni mgongano wowote hapo, kwa kuwa kila ushauri una mgonjwa wake. Anayepika, hata hivyo, anabaki na swali ambalo hakuna aliyemjibu: mlo bora ni upi?

Swali hilo lina historia ndefu katika ukanda huu kuliko inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 1925 na 1975, miili ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika ilipimwa, ikapigwa mizani na kulinganishwa ili kujibu swali la mlo kwa ajili ya dunia nzima. Matokeo yake yalisafiri mbali na kuathiri sera za mashirika ya kimataifa. Yaliporudi nyumbani yakiwa ushauri, yalirudi kwa istilahi zilizotafsiriwa, na tafsiri hizo zilibeba ndani yake mgawanyo wa vyakula ambao haukuwa wa wenyeji.

Makala haya yanafuatilia safari hiyo kwa hatua nne. Kwanza, yanaeleza jinsi Kiswahili na baadhi ya lugha jirani zinavyoupanga mlo. Pili, yanachunguza utafiti wa Orr na Gilks uliochapishwa mwaka 1931 pamoja na mambo ambayo utafiti huo uliyaona bila kuyatilia uzito. Tatu, yanafuatilia kuhama kwa hoja kutoka protini hadi nyuzinyuzi nchini Uganda. Mwisho, yanajadili maana ya historia hiyo kwa watunga sera wanaoandika kwa Kiswahili leo.

2.0 Chakula, Mboga na Kitoweo

Mzungumzaji wa Kiswahili aliyeshinda akila karanga, muwa na maembe anaweza kusema jioni kwamba tangu asubuhi hajala. Hasemi uongo. Chakula kwake ni ugali, wali, ndizi, muhogo au viazi, na chakula hicho hakiliwi kitupu. Kinachokisindikiza huitwa kitoweo, hasa katika lahaja za pwani, au mboga, hasa katika Kiswahili cha bara. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kitoweo kuwa ni kitu kinacholiwa pamoja na chakula kikuu, kama vile nyama, samaki au mchuzi. Katika maeneo mengi ya Tanzania, swali "Leo mboga ni nini?" hujibiwa "Mboga ni nyama" bila yeyote kuona kasoro. Dagaa ni mboga, maharage ni mboga, mlenda ni mboga. Msemo wa mitaani unaomwita mtu wa familia yenye uwezo "mtoto wa mboga saba" unapima utajiri kwa wingi wa vinavyosindikiza ugali, bila kujali kama vilichumwa au vilichinjwa.

Lugha yenyewe imeona haja ya kutofautisha pale inapobidi. Zao la bustanini huitwa mboga za majani, au mbogamboga kwa uradidi, na uradidi huo ni ushahidi kwamba neno mboga peke yake limebeba maana pana zaidi. Nchini Kenya, jina sukuma wiki linaeleza uhusiano wa kiuchumi uliopo baina ya majani na nyama: majani ndiyo yanayomfikisha mtu mwisho wa juma pale ambapo mfuko hauruhusu kitoweo kingine.

Mpangilio huu si wa Kiswahili peke yake. Luganda hutenga emmere, yaani chakula kikuu, na enva, yaani kinachokisindikiza. Mboga za majani huitwa enva endiirwa, aina moja tu ya enva. Kichewa kina nsima na ndiwo. Kibemba kina ubwali na umunani. Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabemba na kuchapisha kitabu chake kuhusu ardhi, kazi na mlo mwaka 1939, alionesha kwamba mtu hawezi kuielewa njaa ya Wabemba bila kuelewa uhusiano wa ubwali na umunani. Upungufu wa kimoja ulikifanya kingine kisilike kwa ukamilifu, hata kama ghala lilikuwa na nafaka.

Hii haimaanishi kwamba watu wa ukanda huu hawakuwajua wasiokula nyama. Wafanyabiashara wa Kihindu na Kijaini kutoka Gujarat, walioitwa Wabaniani, waliishi Zanzibar na Mombasa kwa vizazi vingi, na kujiepusha kwao na nyama kulifahamika na majirani zao kuwa ni suala la dini. Wazo la kuacha nyama lilikuwapo. Ambalo halikuwapo ni wazo la kuugawa ulimwengu wote wa chakula katika kambi mbili, moja ya majani na nyingine ya nyama, na kumtaka mtu achague kambi kwa ajili ya afya yake.

Kuna neno jingine linalostahili kuzingatiwa kabla ya kuingia katika historia yenyewe, nalo ni posho. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa sehemu ya chakula aliyopimiwa mpagazi. Wakati wa ukoloni neno hilo lilihamia mashambani, migodini na kwenye reli, likimaanisha unga aliopewa mfanyakazi kama sehemu ya ujira. Leo Mtanzania akisema posho anamaanisha fedha za kujikimu, ilhali Mganda anamaanisha ugali wenyewe wa mahindi. Mageuzi haya ya maana ni kumbukumbu ya kihistoria: kwa maelfu ya wanaume, chakula kiligeuka kuwa unga wa kupimiwa, na kitoweo kikawa juu ya mfanyakazi mwenyewe.

3.0 Ushahidi wa Kwanza: Kenya, 1925–1931

John Boyd Orr, mkurugenzi wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, Uskoti, alifika Kenya katikati ya miaka ya 1920 akiwa na shauku ya malisho. Swali lake la awali lilihusu madini yaliyomo katika majani yanayoliwa na ng'ombe na kondoo, na athari za upungufu wa madini hayo kwa mifugo. Kutoka kwenye malisho ya mifugo hoja ilivuka hadi kwenye lishe ya binadamu. Kwa msomaji wa Kiswahili kuvuka huko kunaonekana katika maneno yenyewe, kwa kuwa malisho na lishe vinatokana na kitenzi kimoja, -lisha, kauli ya kusababisha ya kitenzi -la. Katika maneno yote mawili kuna anayekula na kuna anayelisha, na anayelisha ndiye mtenda.

Orr alishirikiana na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa huduma za tiba katika koloni la Kenya. Makala yao ya awali yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1927, na ripoti kamili ikachapishwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1931. Kwa macho ya wanasayansi hao, Kenya ilikuwa maabara iliyotengenezwa na maumbile. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu, jirani zao, waliishi kwa nafaka, viazi, ndizi na kunde. Hali ya hewa ilifanana, mipaka ilipakana, na makundi hayo yalikuwa yameoana na kufanya biashara kwa muda mrefu. Kilichotofautiana, kwa maoni yao, kilikuwa mlo.

Matokeo yalikuwa ya kuvutia macho. Mwanamume wa Kimaasai aliyekomaa alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5, takriban sentimita 13, na kwa ratili 23, zaidi ya kilo 10. Nguvu za misuli, zilizopimwa kwa kifaa cha kubana kwa mkono, zilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 50. Miongoni mwa Wakikuyu yalionekana kwa wingi zaidi matatizo ya mifupa, kuoza kwa meno, upungufu wa damu, maradhi ya mapafu na vidonda ndugu. Miongoni mwa Wamaasai yalionekana zaidi matatizo ya kufunga choo na baridi yabisi.

Orodha hiyo ya maradhi inastahili kusomwa hadi mwisho, maana kila upande ulikuwa na gharama zake. Hata hivyo, sehemu iliyosafiri ni ile ya inchi na ratili. Katika mijadala iliyofuata, utafiti huu ulinukuliwa tena na tena kama uthibitisho kwamba mlo wa wanyama hujenga mwili na mlo wa mimea huudhoofisha. Hadi leo wapo wanaoutaja katika maandishi ya kuhimiza ulaji wa nyama, karibu karne moja baadaye, kana kwamba ulihusu uchaguzi wa mtu binafsi mbele ya meza yenye kila kitu.

4.0 Yaliyoachwa Nje ya Mizani

Mwanahistoria Cynthia Brantley, katika tahakiki yake ya mwaka 1997, aliusoma upya utafiti huo na kuonesha kwamba picha ya makabila mawili yenye milo miwili iliyo kinyume haikusimama hata kwa ushahidi wa watafiti wenyewe. Mambo manne yanahitaji kuelezwa hapa.

La kwanza ni wanawake. Ripoti yenyewe ilirekodi kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani za aina nyingi, na kwamba wajawazito na wanaonyonyesha walikuwa na vyakula vyao maalumu, vikiwemo vyenye madini mengi. Kwa maneno mengine, ndani ya kundi lililoitwa la wala mimea kulikuwa na milo miwili tofauti. Lau swali lingekuwa "kinasindikizwa na nini?", tofauti hiyo ingekuwa kiini cha utafiti. Kwa kuwa swali lilikuwa "mimea au wanyama?", majani ya wanawake na mahindi ya wanaume viliingizwa katika safu moja, na ushahidi wa wanawake ukafifia.

La pili ni Wamaasai wenyewe. Mlo wa maziwa, nyama na damu ulikuwa hasa mlo wa morani, na hata huo haukukosa mimea. Supu ya nyama ilichemshwa kwa magome na mizizi, mathalani ya mti uitwao olkiloriti. Katika miaka ya 1990 watafiti walichunguza viambato vya mimea ya aina hiyo ili kuona kama vina mchango katika kudhibiti mafuta ya damu. Aidha, wanawake, wazee na watoto walikula nafaka na mazao mengine yaliyopatikana kwa kubadilishana na wakulima. Biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake wa pande zote mbili, na iliendelea hata nyakati ambazo wanaume walikuwa wakipigana. Hivyo mlo wa Mmaasai na mlo wa Mkikuyu ulikutana sokoni.

La tatu ni wakati. Wakikuyu waliopimwa katika miaka ya 1920 hawakuwa wakila kama babu zao. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka mifugo, na njaa kubwa ya miaka ya 1898 hadi 1900 ilikuwa imeua watu wengi. Baadaye sehemu ya ardhi yao ilichukuliwa kwa ajili ya walowezi. Mahindi yalikuwa yakichukua nafasi ya mawele na wimbi, kodi ilikuwa ikiwasukuma wanaume kwenda kutafuta ujira, na ujira huo mara nyingi uliambatana na posho. Wamaasai nao walikuwa wamehamishwa kufuatia mikataba ya mwaka 1904 na 1911, lakini walibaki na ng'ombe wao. Kilichopimwa kwa rula na mizani, kwa hiyo, kilikuwa pia historia ya nani alipoteza nini katika miaka 30 iliyotangulia. Waswahili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa mwanahistoria wa lishe swali hilo si la mzaha: alichokula mtu jana, au alichonyimwa baba yake, ndicho kinachosomeka katika kimo chake leo.

La nne linamhusu Orr mwenyewe. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kuhusu chakula, afya na kipato nchini Uingereza, akionesha kwamba mlo wa Mwingereza ulibadilika kwa kadiri ya kipato chake, na kwamba sehemu kubwa ya raia walikosa lishe kamili kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Kazi hiyo ilimjengea heshima iliyomfikisha kwenye uongozi wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1949. Uingereza, maelezo ya mlo mbaya yalikuwa kipato. Kenya, maelezo yaliyosambaa yalikuwa kabila na desturi. Mwanahistoria Michael Worboys, katika makala yake ya mwaka 1988, ameeleza jinsi utapiamlo wa makoloni ulivyogunduliwa katika kipindi hicho na kisha kugeuzwa tatizo la kiufundi na la elimu, huku masuala ya ardhi na ujira yakisogezwa pembeni.

5.0 Kutoka Protini hadi Nyuzinyuzi: Uganda, 1935–1975

Ushahidi wa pili ulikusanywa ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Daktari Hugh Trowell alianza kazi Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935, ambako alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Huko alikutana na watoto waliovimba miguu, wenye nywele zilizopauka na ngozi inayobanduka. Ugonjwa huo Cicely Williams aliuelezea kutoka pwani ya Ghana mwaka 1933, na miaka miwili baadaye akautangaza kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor, linalohusu maradhi ya mtoto aliyeachishwa titi kwa sababu ya mdogo wake. Katika Kiswahili cha shule na zahanati unajulikana kama unyafuzi. Mwaka 1954 Trowell, pamoja na Davies na Dean, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ugonjwa huo.

Maelezo yaliyotawala yalikuwa upungufu wa protini. Ripoti ya Brock na Autret ya mwaka 1952, iliyotolewa kwa ushirikiano wa FAO na Shirika la Afya Duniani, iliuona unyafuzi kuwa tatizo kubwa la lishe barani Afrika. Kutoka hapo ilijengwa hoja ya dunia nzima kwamba nchi maskini zinakabiliwa na pengo la protini, hasa ya wanyama, na kufikia mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukizungumzia janga la protini linalokaribia. Hesabu zilipofanywa upya, mahitaji ya protini ya mtoto yalionekana kuwa madogo kuliko ilivyodhaniwa, na watoto wengi walionekana kukosa chakula cha kutosha kwa jumla. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika The Lancet makala makali akiuita mradi mzima wa protini kushindwa kukubwa. Mtoto wa Mulago alikuwa mgonjwa kweli. Uchache wa nyama ulikuwa sehemu tu ya maelezo ya ugonjwa wake.

Wakati hoja ya protini ikidhoofika, hoja ya upande mwingine ilikuwa ikipevuka katika hospitali ileile. Trowell alikuwa amezingatia maradhi ambayo hakuyaona. Mwaka 1956 yeye na Singh walichapisha taarifa ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na uchache wa wagonjwa wa aina hiyo ndio ulioifanya taarifa hiyo istahili kuchapishwa. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilikusanya ushahidi kuhusu maradhi yasiyoambukiza Afrika. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, baadaye alilinganisha uchache wa saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na maradhi mengine ya matumbo Afrika na wingi wake Ulaya. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kilichotetea kwamba siri imo katika nyuzinyuzi za vyakula vya mimea visivyokobolewa. Matooke, maharage, viazi na majani, vyakula vilevile vilivyotiliwa shaka katika unyafuzi, sasa vikawa kinga.

Tanganyika nayo iliitwa mahakamani. George Mann na wenzake walichapisha mwaka 1964 matokeo ya uchunguzi wa Wamaasai waliokunywa maziwa mengi na kula nyama, lakini wakawa na lehemu ya damu ya kiwango cha chini na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 uchunguzi wa mioyo 50 ya marehemu ulionesha kwamba mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta, ila ilikuwa imepanuka, jambo ambalo watafiti walilihusisha na kutembea na mazoezi. Ushahidi huo hutumiwa hadi leo na pande zote mbili. Anayetetea nyama hunukuu lehemu. Anayeipinga hunukuu utando.

Katika nusu karne, basi, ukanda mmoja ulitoa ushahidi kwa nyama, kisha kwa mimea. Haikuwa kwamba miili ya watu ilibadili kauli. Waliouliza ndio waliobadilisha walichotaka kuthibitisha, ilhali umbo la swali lilibaki lilelile.

6.0 Swali Linaporudi kwa Kiswahili

Baada ya uhuru, taasisi za ukanda huu zilianza kuiandika elimu ya lishe kwa Kiswahili. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973. Katika mgawanyo wa makundi matano ya vyakula uliofundishwa kwa miaka mingi shuleni na zahanati za nchi hiyo, mikunde na vyakula vyenye asili ya wanyama viliwekwa katika kundi moja, na mboga zikapewa kundi lake. Mgawanyo huo ulikuwa na busara iliyokaribia ile ya jikoni. Maharage na nyama vilitambuliwa kuwa vinaweza kukaa mahali pamoja kwenye sahani, na mpishi aliweza kuchagua kati yake kwa kadiri ya mfuko, msimu na imani.

Tatizo lilibaki kwenye neno mboga. Waandishi wa vijitabu walilitumia kwa maana ya majani na matunda ya bustanini, ilhali wasomaji wengi walilielewa kwa maana ya kitoweo chochote. Ushauri "kula mboga kwa wingi" unaweza kusomwa na mtu wa bara, kwa nia njema kabisa, kama ruhusa ya kuongeza mchuzi wa nyama. Vivyo hivyo, neno mlamboga, linalotumiwa kumtaja asiyekula nyama, halimweleweshi asiyelijua tayari, kwani kila aketiye mbele ya ugali ni mla mboga. Istilahi makapimlo, iliyobuniwa kwa ajili ya nyuzinyuzi, nayo ina mzigo wake: makapi ni kinachopepetwa na kutupwa, na si rahisi kumshawishi mtu athamini kitu kilichopewa jina la takataka za ungo.

Kwa mtu mmoja mmoja anayejiuliza leo kama aache nyama au aendelee nayo, ujuzi uliopo unatoa mwongozo wa wastani. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwa upande mwingine, vitamini B12 haipatikani kiasili katika vyakula vya mimea kwa kiwango cha kutegemewa, na anayeacha kabisa vyakula vya wanyama hana budi kuipata kwa njia nyingine. Mtu mzima wa mjini anayekula nyama choma na soseji kila siku ana sababu ya kupunguza. Mtoto wa kijijini anayelishwa uji mtupu ana sababu ya kuongezewa yai, dagaa au maziwa. Mapendekezo haya mawili yanapatana mara tu swali linapobadilishwa kutoka "mboga au nyama?" na kuwa "chakula hiki kinasindikizwa na nini, kwa kiasi gani, na ni nani mezani anayekosa?"

Swali hili la pili lina faida tatu kwa mtunga sera. Linaeleweka bila tafsiri, kwa kuwa limo tayari katika Kiswahili, Luganda, Kichewa na Kibemba. Linawarudisha wanawake katika ushahidi, maana wao ndio wanaochuma, wanaonunua na wanaogawa kitoweo. Tena linafungua mlango wa kuzungumzia bei, ardhi na ujira, mambo ambayo utafiti wa mwaka 1931 ulipita kando yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; ushauri unaodhani kwamba kila msomaji anachagua, humsahau yule ambaye sukuma wiki kwake haikuwa chaguo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mabishano kati ya mlo wa mimea na mlo wa nyama si mageni Afrika Mashariki, na kwamba ushahidi wake mwingi ulitokana na miili ya watu wa ukanda huu. Yameonesha pia kwamba mgawanyo wa pande mbili uliwaficha wanawake wa Kikuyu na majani yao, Wamaasai na mizizi yao, wafanyakazi na posho yao, na watoto wa Mulago waliohitaji chakula zaidi kuliko walivyohitaji nadharia.

Mapendekezo matatu yanatokana na historia hii. Kwanza, miongozo ya lishe inayotolewa kwa Kiswahili itumie mboga za majani au mbogamboga inapokusudia mazao ya bustanini, na iache neno mboga peke yake libebe maana yake pana. Pili, vyombo vya kusanifu istilahi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki viyapitie upya maneno kama makapimlo na mlamboga kwa kuwashirikisha wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, ambao husikia jinsi yanavyopokewa. Tatu, tafiti za ulaji zipangwe kwa kuuliza kuhusu chakula kikuu na kitoweo kwa kila mtu wa kaya, badala ya kuiuliza kaya nzima swali moja.

Neno lishe linatokana na kulisha, na kulisha kuna mtenda na mtendwa. Kwa miaka mingi wa ukanda huu wamekuwa watendwa katika sayansi ya chakula chao. Bibi na mjukuu wanaorudi kutoka kliniki wakiwa na shauri mbili wanastahili kusikia shauri moja, kwa lugha yao, linaloanzia kwenye chungu walichokiacha mekoni.